Bosi wa mume wangu anataka kutulipia wakili. Nikubali?

Shikamoo anti,

Naandika usiku watoto wakiwa wamelala, maana mchana duka halinipi nafasi, na pia sitaki mume wangu ajue nimekuandikia. Utanisamehe nikichanganya mambo.

Mume wangu ni mkuu wa kitengo cha manunuzi katika halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa. Nasema "ni" kwa mazoea tu. Amesimamishwa, tunaishi kwa nusu mshahara na hiki kiduka changu cha vitenge. Halmashauri ilitangaza zabuni ya kujenga kituo cha afya, kampuni tatu zikaomba. Anavyonieleza yeye, kamati ya tathmini ilipendekeza kampuni moja, mkurugenzi akairudisha ripoti akitaka "uzoefu upitiwe upya", na ripoti ya pili ikatoka na kampuni nyingine kabisa. Mume wangu aliandika dokezo kwenye jalada kwamba kampuni hiyo haikidhi vigezo. Mkurugenzi akaandika chini yake kwa mkono: "Nimeona. Endelea na mchakato kama ilivyojadiliwa." Akaendelea. Mkataba ukasainiwa, malipo ya awali yakatoka, jengo likafika kwenye linta na mkandarasi akatoweka. Walipotaka kuchukua ile dhamana ya benki ya malipo ya awali, benki ikasema haijawahi kuitoa.

TAKUKURU wamewashtaki watu watano. Mkurugenzi ni mshtakiwa wa kwanza, mume wangu ni wa tatu. Kula njama, matumizi mabaya ya madaraka, na kuisababishia halmashauri hasara ya shilingi milioni 180. Siku ya kwanza mahakamani hawakuruhusiwa kujibu chochote, wakaambiwa mahakama haina mamlaka mpaka kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, kifike. Dhamana ikawa nusu ya hiyo hela igawanywe kwa watu watano, kila mmoja alete milioni 18 taslimu au hati ya mali. Tumeweka hati ya nyumba ya kaka yake. Shemeji yangu hajasema kitu lakini mke wake ameacha kupokea simu zangu.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Kuna baba mmoja tunasali naye, ana undugu na mkurugenzi kwa upande wa mke. Jumapili alikuja nyumbani na soda za watoto. Akasema mzee anatuhurumia sana, na kwamba yuko tayari kumlipia mume wangu wakili, yule yule wa kwake kutoka Mwanza, "ili mzungumze lugha moja". Akasema pia kuna njia ya kumaliza mambo haraka: mume wangu aingie makubaliano ya kukiri kosa, aseme ni yeye aliyechezea ripoti ya pili, na fidia yoyote itakayotajwa mzee ataitoa mfukoni. Ada za watoto mpaka kidato cha nne juu yake. Baadaye mume wangu atatafutiwa kazi kwenye kampuni ya mtu. Akimaliza akaniuliza kama kweli kuna karatasi za ofisini zimebaki nyumbani, akasema hizo zichomwe, zinaweza kutuletea matatizo.

Zipo, anti. Mume wangu alitoa kopi ya lile dokezo na ya ripoti zote mbili, ziko kwenye bahasha kabatini. Sijazichoma.

Tatizo ni kwamba mume wangu anaelekea kukubali. Yule mzee ndiye aliyemtoa ofisa wa kawaida akamfanya mkuu wa kitengo. Alikuwa mgeni rasmi kwenye harusi yetu. Kila nikisema neno ananijibu, "Wewe hujui yule mtu amenitoa wapi." Ndugu zake nao wanasema tutulie, kesi za wakubwa siku zote huishia kufutwa.

Nisaidie. Nikubali huyo wakili? Na kama nikienda TAKUKURU mwenyewe na ile bahasha?

Jambo jingine dogo. Mwaka ule wa ujenzi niliingiziwa milioni mbili kwenye simu yangu, jina lililotokea ni la yule mkandarasi. Mume wangu alisema ni deni analipwa, nikalipia ada ya mkubwa. Sikuuliza zaidi. Hiyo ina shida? Na wanaweza kuniita nitoe ushahidi dhidi ya mume wangu?

Mama Watatu, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba, Mama Watatu.

Nitaanza na lile ulilolitia mkiani ukaliita dogo, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote uliyoniandikia.

Bila ile milioni mbili, mume wako ni ofisa aliyeshauri vizuri kwa maandishi kisha akatii amri mbaya. Hilo lina utetezi, japo si mwepesi, nitalifikia. Pamoja na ile milioni mbili, upande wa mashtaka una uwezo wa kumchora kama mtu aliyeandika dokezo la kujikinga kwa mkono mmoja na kupokea kwa mkono mwingine. Na usijifariji kwamba ilipita kwenye simu yako si yake. Rekodi za miamala TAKUKURU huziomba kwenye kampuni za simu, na jina la mke wa mshtakiwa ni kati ya majina ya kwanza kutafutwa.

Tena linaweza kukugusa wewe mwenyewe. Tazama jirani zetu. Februari 2025 mahakama ya kesi za rushwa jijini Nairobi ilimtia hatiani aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, kuhusu zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588 za Kenya. Adhabu yake ilikuwa faini ya milioni 53.5 au miaka 12 jela, naye akakata rufaa. Mke wake alikuwa mshtakiwa kwenye kesi hiyo hiyo, akatiwa hatiani naye, faini ya shilingi laki tano au mwaka mmoja. Hakuwa na cheo chochote kwenye zabuni ile. Kwetu hali inaweza kuwa nzito zaidi, kwa sababu fedha ya rushwa ikihesabiwa kuwa imetakatishwa, kosa la utakatishaji ni kati ya yale yasiyo na dhamana. Sisemi wewe umetakatisha fedha. Nasema usije ukalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza ukiwa mbele ya mpelelezi.

Kwa hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, kaa na mume wako mchana, akiwa ametulia na watoto hawapo, umuulize: lile deni lilikuwa la nini, alimkopesha lini yule mkandarasi, hela ilitoka wapi, nani alijua? Kama ni deni la kweli litakuwa na alama zake: ujumbe wa simu, muamala wa kwenda kabla ya ule wa kurudi, mtu aliyeshuhudia. Kama si deni, ajue kwamba wewe sasa unajua. Na msifanye yale matatu ambayo watu wakibanwa hufanya: msimrudishie mkandarasi hiyo hela kimyakimya, msifute ujumbe, na msiandike hati ya mkopo leo mkaipa tarehe ya zamani. La tatu hilo limewafunga watu ambao kesi yao ya mwanzo pengine wangeshinda. Mweleze wakili, yeye ndiye ataamua litamkwe lini na kwa namna gani.

Kuhusu ushahidi: Sheria yetu ya Ushahidi inasema mke au mume wa mshtakiwa anaweza kuwa shahidi wa upande wa mashtaka lakini, kwa kesi kama hii, halazimishwi. Ukiitwa, mahakama inatakiwa ikueleze haki hiyo kabla hujasema neno. Ila inakulinda ulimi tu. Miamala yako haina mume.

Sasa huyo wakili.

Jibu ni hapana, na ni hapana hata kama angekuwa wakili bora kuliko wote Kanda ya Ziwa. Utetezi wa mume wako unasimama juu ya sentensi moja iliyoandikwa kwa mkono wa mshtakiwa wa kwanza: "Endelea na mchakato kama ilivyojadiliwa." Wakili anayemtetea mshtakiwa wa kwanza ana wajibu wa kuhakikisha sentensi hiyo haimdhuru mteja wake. Wakili anayemtetea mume wako ana wajibu wa kuisoma kwa sauti mbele ya hakimu. Haiwezekani awe mtu mmoja. Maadili ya mawakili yenyewe yanamkataza wakili kuwabeba wateja wawili ambao maslahi yao yanapingana, na ningemshangaa huyo wa Mwanza akikubali, kama kweli ameulizwa. Huenda hata hajui kwamba ameahidiwa kwenu.

Kushtakiwa kwenye hati moja hakuwafanyi watu kuwa na kesi moja. Walio na umri wangu watakumbuka kesi ya waliokuwa mawaziri, Basil Mramba na Daniel Yona, pamoja na aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, Gray Mgonja, kuhusu kampuni ya ukaguzi wa dhahabu ya Alex Stewart na misamaha ya kodi iliyopewa. Hasara iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 11.7. Walisimama kizimbani pamoja tangu 2008. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani mawaziri wawili na kuwapa miaka 3 jela, ambayo baadaye ilipunguzwa kwenye rufaa, na Mgonja akaachiwa huru. Na katika kesi ile ushauri wa Mamlaka ya Mapato, uliokuwa umeandikwa mapema kwamba msamaha usitolewe, ulirudi ukawa na uzito mkubwa. Karatasi iliyoandikwa kwa wakati wake, kabla ya mtu yeyote kujua kutakuwa na kesi, ina nguvu ambayo maelezo ya kizimbani hayana.

Ndiyo maana wanataka mzichome.

Usizichome. Na usimpe mtu bahasha hiyo, wala huyo baba wa soda, wala shemeji, wala mchungaji. Kuharibu kitu ukijua kinahitajika kama ushahidi ni kosa linalojitegemea, na safari hii mshtakiwa utakuwa wewe. Kopi zenyewe kisheria ni dhaifu kuliko nakala halisi zilizo kwenye jalada, lakini kazi yake ni kumwonyesha wakili cha kutafuta: namba ya folio, yaani ya karatasi ndani ya jalada, tarehe, nani alisaini. Jalada halisi kwa vyovyote lipo kwa wapelelezi au ofisini, na wakili anaweza kuomba liletwe. Kama jalada litaonekana na folio zimeruka, hapo kopi zenu zitakuwa na thamani ambayo hamkuitarajia.

Kuna ushahidi mwingine ambao mzee hawezi kuuchoma. Tangu 2023 zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa ununuzi wa mtandaoni uitwao NeST, na kila hatua inaacha jina la akaunti na saa. Nani alipakia ripoti ya kwanza, nani aliirudisha, ya pili iliingia kupitia akaunti ya nani. Hapa nina wasiwasi kidogo na mume wako, na ningependa umuulize waziwazi: aliwahi kumpa mtu neno lake la siri? Nimewasikia maofisa wa halmashauri wakieleza jinsi wakubwa wanavyoachiwa akaunti za walio chini "kwa dharura", au kijana wa ofisini anavyoingia kwa niaba ya bosi wake aliye safarini. Kama ripoti ya pili iliingizwa kwa akaunti ya mume wako na mtu mwingine, asipolisema mapema na kueleza alikuwa wapi siku hiyo, mfumo utamshuhudia vibaya.

Nilikuahidi kusema juu ya udhaifu wa utetezi wake, na sitaki mjidanganye. Dokezo linaonyesha hakuficha. Halimalizi kesi. Kosa la kuisababishia mamlaka hasara, kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, halihitaji kuthibitishwa kwamba mtu alikula hata senti. Linaweza kusimama juu ya uzembe, au juu ya kushindwa kuchukua tahadhari ambayo mtu wa nafasi yake angetarajiwa kuichukua. Ataulizwa: uliona kampuni haikidhi, kwa nini uliendelea? Sheria ya ununuzi inataka kitengo cha manunuzi, kamati ya tathmini, bodi ya zabuni na afisa masuuli, yaani mkurugenzi, kila mmoja afanye kazi yake bila kuingiliwa na mwingine. Yeye kwa nafasi yake ndiye katibu wa bodi ya zabuni. Je, bodi ililiona dokezo lake, au liliishia kwenye meza ya mkurugenzi? Aliandika popote pengine, kwa mkaguzi wa ndani, kwa PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma?

Na ile dhamana ya benki ndiyo inayonikosesha raha kuliko ripoti zote mbili. Barua moja kwa benki kabla ya malipo ya awali kutoka ingeonyesha ni ya kughushi. Nani alitakiwa kuiandika? Kama ni mweka hazina, vizuri. Kama ni kitengo cha mume wako, hapo ndipo mwendesha mashtaka atakapokaa muda mrefu, na dokezo halitamsaidia sana.

Tuje kwenye kukiri. Makubaliano ya kukiri kosa yapo kisheria tangu 2019, si ujanja wa mtaani. Lakini yanafanywa kati ya mshtakiwa na ofisi ya Mashtaka, si kati ya mshtakiwa na mshtakiwa mwenzake sebuleni. Mahakama kabla ya kuyasajili inatakiwa ijiridhishe kwamba mtu amekubali kwa hiari yake na anaelewa anachokikubali. Sasa hebu fikiria mume wako anaulizwa na hakimu, chini ya kiapo, kama kuna mtu amemwahidi chochote. Atajibu nini? Akisema hapana amedanganya mahakama. Akisema ndiyo, wote wawili wana kesi mpya.

Lipo jingine ambalo huyo baba hakulitaja, ama kwa kutojua ama kwa kujua sana. Mtu akikiri kwa makubaliano, upande wa mashtaka mara nyingi humtaka aeleze ukweli wote na pengine atoe ushahidi dhidi ya wengine. Mume wako akiwa na lile dokezo, mtu ambaye Mashtaka wangefurahi kumsikia ni yeye. Yaani mlango huo huo anaosukumwa aingie ili amwokoe mzee, akiingia akiwa na wakili wake mwenyewe, unaweza kumtoa yeye. Simwambii aukimbilie. Nasema mzee anaijua thamani ya mume wako vizuri kuliko mume wako anavyoijua, na ndiyo maana amekuja na ada za mpaka kidato cha nne.

Ahadi hizo zenyewe mnazidai wapi? Akishatiwa hatiani, fidia imeshaandikwa kwa jina lake, kazi ya serikali imeisha, na hati ya nyumba ya shemeji yako iko mahakamani. Mzee akiacha kupokea simu, utamshtaki kwamba hajalipa ada aliyokuahidi kwa kumnyamazisha mumeo?

Ndugu wanaosema kesi za wakubwa hufutwa hawajakosea kabisa. Kenya hiyo hiyo, Desemba 2023, aliyekuwa waziri wa fedha Henry Rotich na wenzake waliachiwa katika kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer baada ya waendesha mashtaka kukaa kimya badala ya kuwauliza mashahidi wao wenyewe maswali, na hakimu akawasema kwa ukali katika uamuzi wake. Hutokea. Lakini mzee angekuwa na uhakika kwamba kesi itafutwa, asingehangaika kutafuta wa kuibeba. Na kesi ikimfutia mshtakiwa wa kwanza, haina lazima ya kumfutia wa tatu.

Kwenda TAKUKURU wewe mwenyewe na bahasha: bado. Najua kuna Sheria ya Watoa Taarifa na Ulinzi wa Mashahidi ya 2015, na namba yao ya bure, 113, ningempa mtu yeyote anayeshuhudia zabuni ikichezewa leo. Lakini mumeo tayari ni mshtakiwa. Ukienda na karatasi bila yeye kujua, utakuwa umemfanyia utetezi mtu ambaye hajaamua anajitetea vipi, na utaulizwa maswali, likiwemo la ile milioni mbili, ukiwa peke yako. Wakili aende nazo, au aende nanyi. Hilo ni suala la siku chache, si la miezi.

Wakili mtampataje kwa nusu mshahara? Hapa nitakuwa na haraka kwa sababu njia ni hizi tu. Chama cha Mawakili, TLS, kina ofisi za kanda, waulizeni wakili mwenye uzoefu wa kesi za uhujumu uchumi, si wa ardhi na mirathi. Hakikisheni jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kutoa shilingi, maana vishoka wapo kila kona ya mahakama. Ombeni kulipa kwa awamu, wengi hukubali, na malipo yote yawe na risiti. Ikishindikana kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu mahakama kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada, kwa hiyo mume wako alisimamishe jambo hilo mbele ya hakimu kesi itakapotajwa. Mali ya kuuza mkiwa nayo, uzeni kitu kidogo sasa. Na kwa sababu ya ule muamala, mwambieni wakili tangu siku ya kwanza kwamba fedha iliingia kwako. Akisema wewe utafute wa kwako, usimwone mbaya, ni sababu ile ile niliyoitoa juu ya yule wa Mwanza.

Kuhusu shukrani ya mume wako kwa mzee. Sitaibeza. Mtu aliyekupandisha cheo na kukaa meza kuu kwenye harusi yako si mtu wa kumgeuka kirahisi, na mwanaume anayejua fadhila ni bora kuliko asiyejua. Usimwambie mzee ni mbaya, atamtetea mpaka asubuhi. Muulize hivi: siku ile dokezo lako liliporudi na yale maneno ya mkono, mzee alikuita akakueleza kwa nini? Alikwambia kampuni ni ya nani? Alikwambia malipo ya awali yanatoka na dhamana hajaihakikisha mtu? Kama hakumwambia lolote kati ya hayo, basi alimtumia bila kumtaarifu, na anataka kumtumia tena kwa namna ile ile. Muulize mara moja, kisha mwache akae nalo. Na dokezo lile aliliandika yeye mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono, kwa hiyo kuna siku alikuwa tayari kumwambia mzee hapana kwa maandishi. Mkumbushe siku hiyo badala ya kumkumbusha madeni.

Mpigie pia mke wa shemeji yako. Ikibidi nenda kwake. Mmeweka hati ya nyumba anayolala yeye, na pengine hakuna aliyemweleza kwamba haitachukuliwa ilimradi mshtakiwa anahudhuria mahakamani kila anapotakiwa. Hilo ana haki ya kulisikia kutoka kwako, pamoja na tarehe ya kesi kila inapopangwa.

Yule baba atarudi, na safari hii pengine na zaidi ya soda. Mpokee mlangoni, usimkaribishe kwenye mazungumzo marefu, na usimtukane. Mwambie: "Baba, tunashukuru. Mume wangu ana wakili wake, na wakili amesema jambo lolote la kesi lipitie kwake. Karatasi hatuna maelekezo ya kuzigusa." Akiendelea, mwambie unaandika alichosema ili umfikishie wakili, na uandike kweli: tarehe, saa, maneno yake. Akituma ujumbe, usijibu na usifute. Hiyo ya kumrekodi kwa siri usiianze bila wakili kukuambia.

Maneno hayo yatakuwa kweli siku mkishampata huyo wakili, kwa hiyo anzeni kumtafuta kesho, kabla ya Jumapili. Na maswali yaliyobaki, ya dhamana ya benki na ya ule muamala, mpelekeeni yeye, si gazetini.